Tarehe 17 Januari: Mauaji ya Lumumba, Moto wa Nyiragongo na Mengine Yaliyoangukia Siku Hiyo

Tarehe 17 Januari ina misiba miwili mikubwa katika historia ya Kongo, na kati ya mmoja na mwingine ilipita miaka 41. Usiku wa tarehe hiyo, mwaka 1961, Patrice Emery Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi, aliuawa kwa risasi katika pori la Katanga pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Asubuhi ya tarehe hiyo hiyo, mwaka 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavu wa kusini, na kabla siku haijaisha lava ilikuwa imekwisha kupita katikati ya mji wa Goma. Msiba wa kwanza umewekewa sikukuu ya taifa. Wa pili haukuwekewa, ingawa ndio ulioamua hadi leo nani anajenga wapi mjini Goma, na juu ya ardhi ya namna gani.

Kumbukumbu za "siku kama ya leo", zinazosomwa redioni asubuhi na kuchapwa kwenye kalenda, huyaweka matukio haya mawili pamoja na mengine mengi ya dunia: kuzaliwa kwa Benjamin Franklin mwaka 1706, kuzaliwa kwa Muhammad Ali mwaka 1942, kuanza kwa mashambulizi ya Vita vya Ghuba mwaka 1991, tetemeko la Los Angeles mwaka 1994 na lile la Kobe mwaka 1995. Msomaji hupewa tarehe na majina, kisha huachwa peke yake na swali zito: je, mambo haya yana uhusiano wowote, au yamekutana tu? Swali hilo halijibiki kabla ya kujua tarehe zenyewe zilipatikanaje, na zilihesabiwa kwa saa ya nani.

Tarehe ya kifo cha Lumumba ni mfano mzuri, kwa sababu kwa muda mrefu haikujulikana. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye wanajeshi waliasi, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kuitenga Katanga. Mwezi Septemba Rais Joseph Kasavubu alimwondoa Lumumba madarakani, na Kanali Joseph Mobutu akaingilia kati kwa nguvu za jeshi. Lumumba alizuiliwa nyumbani kwake Léopoldville, leo Kinshasa, hadi usiku wa tarehe 27 Novemba, alipotoroka akielekea Stanleyville, leo Kisangani, kwa wafuasi wake waliokuwa wakiongozwa na Antoine Gizenga. Alikamatwa tarehe 1 Desemba kwenye mto Sankuru, akapelekwa katika kambi ya jeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu.

Hapo ndipo Kivu inapoingia katika habari hii, jambo ambalo kumbukumbu nyingi hulipita bila kulitaja. Siku ya Krismasi ya mwaka 1960 askari kutoka Stanleyville waliiteka Bukavu, na uongozi wa jimbo zima la Kivu, Goma ikiwemo, ukaangukia kwa watu wa Lumumba chini ya Anicet Kashamura. Mwanzoni mwa Januari jeshi la Mobutu lilijaribu kuirudisha Bukavu kwa kupitia Ruanda-Urundi, iliyokuwa bado chini ya Ubelgiji, likashindwa. Tarehe 13 Januari askari wa Thysville nao wakagoma, na wakubwa wa Léopoldville wakaingiwa na hofu kwamba mfungwa wao angeachiliwa na askari hao hao. Siku nne baadaye alikuwa ndani ya ndege. Kwa hiyo kuuawa kwake wiki ile hakukutokana na bahati: upande wa mashariki ulikuwa ukiponyoka, na gereza la magharibi halikuaminika tena.

Siku ya Jumanne, tarehe 17 Januari, Lumumba, Mpolo na Okito walisafirishwa hadi Élisabethville, leo Lubumbashi, wakipigwa njia nzima. Ndege ilitua katika uwanja wa Luano jioni kabla ya saa kumi na moja. Askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden waliokuwa uwanjani waliona kwa mbali watu watatu wakishushwa huku wakipigwa, na hawakuingilia. Wafungwa walipelekwa katika nyumba iliyokuwa ikiitwa Villa Brouwez, wakateswa tena, na mawaziri wa Katanga wakafika kuwaona. Usiku walibebwa kwa magari kiasi cha kilomita 50 nje ya mji. Walisimamishwa mmoja mmoja mbele ya mti na kupigwa risasi na askari wa Katanga waliokuwa chini ya afisa wa Kibelgiji: Okito wa kwanza, Mpolo wa pili, Lumumba wa mwisho. Ilikuwa karibu saa tatu na dakika arobaini na tatu usiku.

Kisha tarehe ikafichwa. Maiti zilifukuliwa, zikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali na afisa wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, na msaidizi wake. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Katanga, alitangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Kama tangazo hilo lingesadikiwa, leo kumbukumbu ingefanyika Februari. Tume ya Umoja wa Mataifa ndiyo iliyosema, katika taarifa yake ya Novemba 1961, kwamba kwa kila dalili Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari, jioni ile ile aliyofikishwa Katanga. Saa na mpangilio wa mauaji vilithibitika baadaye sana, kutokana na utafiti wa Mbelgiji Ludo De Witte uliochapishwa mwaka 1999 na uchunguzi wa Bunge la Ubelgiji uliomalizika mwaka 2001. Tarehe inayosomwa redioni kwa sekunde mbili ilidaiwa na watu kwa miaka 40, kinyume cha matakwa ya waliotaka isijulikane kamwe. Hilo peke yake linatosha kuipa heshima.

Kumbukumbu ya siku ina upungufu wake pia. Hutaja jina moja. Mpolo alikuwa amewahi kuwa waziri wa vijana na michezo, na Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti. Wote wawili walikufa mahali pale pale, kwa risasi zile zile, dakika chache kabla ya kiongozi wao. Majina yao hayana budi kutajwa kila tarehe hiyo inapotajwa.

Jirani ya 17 Januari ipo 16 Januari, na hizi mbili Wakongo huzipumzika mfululizo. Tarehe 16 Januari 2001, Jumanne vilevile, Rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake katika jumba lake mjini Kinshasa. Serikali haikukiri kifo siku ile. Mwili ulipelekwa Harare kana kwamba majeruhi anakwenda kutibiwa, na taarifa rasmi ya kifo ikatoka tarehe 18. Hata hivyo sikukuu imewekwa tarehe 16, siku ya risasi, na kwa jinsi hiyo inashikana na ya Lumumba. Kabila mwenyewe alijihesabu mfuasi wa Lumumba tangu ujana wake katika maasi ya miaka ya 1960, na ukaribu wa tarehe hizo, tena katika mkesha wa kutimia miaka 40 tangu Lumumba auawe, ulizaa maneno mengi ya watu. Ushahidi kwamba wauaji waliichagua siku kwa ajili ya Lumumba haujatolewa. Kilichochaguliwa ni namna ya kuikumbuka: dola ilikuwa na tarehe mbili mkononi, 16 na 18, ikachukua iliyopakana na shujaa wa zamani.

Usiku ule ule wa 17 Januari 1961, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliwaaga wananchi wake kwa hotuba ya televisheni, akaonya juu ya nguvu ya muungano wa jeshi na viwanda vya silaha. Hotuba hiyo hutajwa katika kila orodha ya siku hii, na mara nyingi hukaa mistari miwili tu kutoka kwa jina la Lumumba bila neno la kuyaunganisha. Hapa uhusiano upo. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church iligundua mwaka 1975 kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo, katika utawala wa Eisenhower, lilipanga kumuua Lumumba kwa sumu, na sumu ilifikishwa hadi Léopoldville. Kamati hiyo haikupata ushahidi kwamba shirika hilo ndilo lililotekeleza mauaji ya Katanga. Hotuba ilianza saa mbili na nusu usiku kwa saa za Washington. Katanga ilikuwa saa tisa na nusu alfajiri, tarehe 18. Rais alipoanza kusema, Lumumba alikuwa maiti kwa karibu saa sita.

Mfano huo unafungua jambo ambalo watunga orodha hulipita haraka: siku ya kalenda hailingani duniani kote. Tetemeko la Kobe nchini Japani lilitokea alfajiri ya 17 Januari 1995 kwa saa za Japani, lakini Goma ilikuwa bado 16 Januari, usiku wa manane haujafika. Mabomu ya kwanza ya Vita vya Ghuba yaliangukia Baghdad kabla ya alfajiri ya 17 Januari 1991, ilhali Marekani iliyoyarusha ilikuwa jioni ya tarehe 16. Kwa wanaohesabu siku tangu jua kuzama, kama wafanyavyo Waislamu wa pwani na wa mashariki ya Kongo, Lumumba aliuawa katika usiku wa kuamkia Jumatano, na usiku huo ni wa siku inayofuata. Na kwa kalenda ya mwezi, misiba miwili ya Kongo haishiriki tarehe hata kidogo: ule wa 1961 uliangukia mwishoni mwa Rajabu mwaka 1380, na ule wa 2002 mwanzoni mwa Mfungo Pili mwaka 1422.

Franklin anaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Alipozaliwa Boston, kalenda iliyotumika katika makoloni ya Uingereza ilisoma 6 Januari, tena mwaka uliandikwa 1705, kwa kuwa mwaka mpya ulianza Machi. Uingereza ilipobadili kalenda mwaka 1752, siku yake ya kuzaliwa ikahamia 17 Januari 1706. Kama sheria hiyo isingepita, Franklin na Muhammad Ali wasingekuwa na siku moja.

Kuhusu waliozaliwa siku hii, Ali ndiye mwenye nafasi ya pekee kwa Wakongo. Alizaliwa Louisville, Kentucky, kwa jina la Cassius Clay, na alikuwa anatimiza miaka 19 siku Lumumba alipouawa. Mwaka uliotangulia alikuwa ametwaa medali ya dhahabu ya olimpiki mjini Roma. Tarehe 30 Oktoba 1974 alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane mjini Kinshasa, katika uwanja ulioitwa Stade du 20 Mai. Tarehe 20 Mei ilikuwa kumbukumbu ya kuanzishwa kwa chama cha Mobutu, MPR, mwaka 1967. Dola ya Mobutu ilipoanguka, tarehe hiyo ilifutwa na uwanja ukaitwa Tata Raphaël, jina la padri Mbelgiji aliyeujenga. Utukufu wa tarehe za kisiasa hudumu kwa kadiri wenye nguvu wanavyodumu. Michelle Obama alizaliwa Chicago tarehe 17 Januari 1964, siku tano baada ya mapinduzi ya Zanzibar, na kwake hakuna la kuongeza: ni sadfa tupu.

Sadfa za aina hiyo hazihitaji maelezo kwa sababu hesabu inazidai. Wakiwekwa watu 23 chumbani, uwezekano kwamba wawili kati yao wana siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu. Nchi yenye watu kama milioni mia moja lazima iwe na zaidi ya watu laki mbili na nusu waliozaliwa tarehe moja yoyote ile. Katika mashariki ya Kongo, zaidi ya hayo, tarehe nyingi za kuzaliwa ni za kukadiria. Wazee wengi wameandikiwa kwenye vitambulisho mwaka tu, pamoja na neno la kuonyesha kwamba hata huo ni wa kubahatisha. Sheria ya familia inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, lakini familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru na kuishi chini ya hema ina mambo ya kuitangulia ofisi ya uandikishaji. Orodha za waliozaliwa siku fulani, basi, hujaa watu wa nchi zenye rejista za zamani. Kukosekana kwa Waswahili na Wakongo katika orodha hizo kunatokana na uhaba wa karatasi.

Mlipuko wa 2002 nao hauna uhusiano wowote na Lumumba. Una sababu zake, na zinajulikana vizuri. Goma imejengwa katika Bonde la Ufa, mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili na kupasuka. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, uko karibu kilomita 18 kaskazini mwa mji, na ndani ya kreta yake mara nyingi hukaa ziwa la lava linalong'arisha mawingu kwa wekundu usiku. Lava yake ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Vijiji vilivyokuwa chini havikupata nafasi ya kukimbia.

Miezi ya kabla ya Januari 2002 ilikuwa na dalili. Matetemeko yalisikika, moshi ukabadilika, na Dieudonné Wafula, mtaalamu wa Kituo cha Kuchunguza Volkano cha Goma, alionya kwamba mlima unajiandaa. Kituo kilikuwa na vipima-tetemeko viwili tu vilivyofanya kazi. Mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD, nchi ilikuwa imegawanyika vipande, na onyo halikuwa na serikali ya kulipokea. Hapa ndipo siasa inapokutana na mlima, na inakutana kwa sababu ya vita, hata kama siku ingekuwa nyingine.

Alhamisi, tarehe 17, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, nyufa zilianza kufunguka juu mlimani upande wa kusini. Mpasuko ulizidi kuteremka kuelekea mji, na matundu mapya yakatoa lava hadi karibu na Munigi, si mbali na uwanja wa ndege. Mchana kutwa watu waliutazama moshi wakisubiri kujua mto wa moto utashika njia gani. Alasiri ulifika. Ulifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ukashuka katika kartiye zilizojaa watu na maduka, ukapita katika kitovu cha biashara na kuingia Ziwa Kivu usiku. Kanisa kuu la Kikatoliki, Saint Joseph, liliteketea. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa, na watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba.

Watu kama laki tatu au zaidi walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa miguu, wamebeba magodoro na watoto. Waliokufa kwa lava, moto na gesi walikadiriwa kuwa mia moja hivi, idadi ndogo ukiangalia ukubwa wa uharibifu, na sababu yake ni kwamba lava ilifika mchana na watu waliiona ikija. Kisha mamia kwa maelfu wakarudi baada ya siku mbili tatu, kinyume cha ushauri wa mashirika ya misaada, wakitembea juu ya ukoko ambao chini yake bado ulikuwa mwekundu. Walikuwa na nyumba za kulinda, na Gisenyi hapakuwa na chakula cha kuwatosha. Tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kilichozingirwa na lava ya moto kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta. Vifo hivyo ni vya msiba wa 17 Januari ingawa havina tarehe hiyo. Kumbukumbu inayoshika siku moja peke yake huviacha nje.

Wanasayansi walikuwa na hofu nyingine ambayo wengi mjini hawakuijua. Ziwa Kivu limebeba katika vina vyake gesi ya kaboni dioksidi na methani kwa wingi mkubwa. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa dogo la Nyos nchini Kamerun lilitoa kaboni dioksidi ghafla na kuua watu wapatao 1,700 usingizini. Kivu ni kubwa mara nyingi zaidi ya Nyos. Lava iliyoingia ziwani mwaka 2002 haikuzama kwa kina cha kutosha kuvuruga maji ya chini, na balaa hilo likaepukwa. Gesi hiyo hiyo hutoka pia ardhini kandokando ya mji, ikatuama kwenye mabonde. Watu wa Goma huyaita mabonde hayo mazuku, na mbuzi anayeshuka humo kunywa maji harudi.

Kwa kuwa milipuko ya 1977 na 2002 iliangukia Januari, tena wiki moja tu mbali kwa kalenda, baadhi ya watu waliuhesabu mwezi huo kuwa wa Nyiragongo. Ukiongeza Los Angeles na Kobe, zilizotikiswa tarehe 17 Januari miaka miwili mfululizo, jambo linaonekana kama sheria ya ardhi. Si sheria. Mlima haujui kalenda, na matukio mawili au matatu hayafanyi mpangilio. Nyiragongo wenyewe ulikata shauri hilo Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, ulipopasuka tena jioni bila dalili za kutosha kuonekana mapema. Lava ilisimama kabla ya uwanja wa ndege, watu zaidi ya thelathini wakafa, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Tarehe 22 Mei nayo ina mwenzake: ndiyo siku tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa liliipiga Chile mwaka 1960. Anayetafuta siri katika tarehe atazipata kila siku ya mwaka. Hatari ya imani hiyo ni ya kweli kabisa, kwa sababu mtu anayengoja Januari hulala kwa amani mwezi wa Mei.

Mtu akizunguka Goma leo, msiba wa 2002 anaukanyaga. Kuta za viwanja zimepangwa kwa mawe meusi ya volkano yaliyovunjwa kwa nyundo. Katika mitaa iliyopitiwa na lava, majengo yaliyonusurika yana ghorofa ya chini iliyogeuka shimo, na milango mipya imetobolewa palipokuwa madirisha. Chukudu, mikokoteni ya mbao yenye magurudumu mawili, hubeba mawe hayo kwenda kwenye ujenzi mwingine. Lakini katika mazungumzo watu husema "volkano ya 2002", mara chache sana "volkano ya 17 Januari". Lumumba, kwa upande mwingine, hukumbukwa kwa tarehe, na wengi wanaoipumzika siku yake hawana hakika ya mwaka. Dola huhifadhi siku, kwa kuwa siku ndiyo inayofungwa ofisi, kupandishwa bendera na kutolewa hotuba. Watu huhifadhi mwaka, kwa kuwa mwaka hugawa maisha kabla na baada: nyumba ya kabla ya volkano, mtoto wa baada ya volkano. Ndiyo maana misiba miwili inaweza kukaa tarehe moja mjini Goma kwa zaidi ya miaka 20 bila mmoja kuusukuma mwingine.

Zipo tarehe ambazo kukutana kwake si kwa bahati wala si kwa maumbile, bali kumepangwa. Mobutu alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa tarehe 30 Juni 1966, akitumia sikukuu ya uhuru kumpamba mtu ambaye yeye mwenyewe alishiriki kumpeleka kwenye mauti. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji iliikabidhi familia jino moja, masalia pekee ya mwili wa Lumumba, lililokuwa limehifadhiwa na Soete. Jeneza lilizungushwa nchini na kuwekwa katika kaburi la kumbukumbu mjini Kinshasa tarehe 30 Juni, miaka 62 kamili tangu uhuru. Katika tarehe kama hizo msomaji ana haki ya kuuliza nani aliichagua siku na kwa faida gani.

Goma imetoa tarehe za aina hiyo nyingi zaidi kuliko miji mingi. Tarehe 23 Machi 2009 serikali na kundi la waasi la CNDP walitia saini mapatano ya amani mjini humo. Mwaka 2012 askari waliodai kwamba mapatano hayo hayakutekelezwa waliichukua tarehe yenyewe kuwa jina lao, M23, wakauteka mji tarehe 20 Novemba mwaka huo na kuukalia kwa siku kumi na moja, kisha wakauteka tena tarehe 27 Januari 2025. Mkataba uliokusudiwa kufunga vita umeacha tarehe inayotajwa kila siku kama jina la vita.

Tarehe 2 Agosti ilipata maana yake vilevile. Siku hiyo mwaka 1998 wanajeshi waliokuwa Goma walitangaza kuasi serikali ya Laurent-Désiré Kabila. Vita iliyofuata iliingiza majeshi ya nchi jirani kadhaa, na muda mfupi baadaye ikazaliwa RCD, ambayo kiongozi wake wa kwanza, Ernest Wamba dia Wamba, alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa miaka mingi vyama vya Wakongo, hasa wa ughaibuni, viliiadhimisha 2 Agosti kama siku ya waliouawa kwa ajili ya mali ya nchi. Tangu mwaka 2023 maadhimisho hayo ni rasmi. Sababu ya kuichagua inajulikana, waliopigania ichaguliwe wanajulikana, na waliouawa kabla yake na baada yake wamejumuishwa humo makusudi.